Ufunguo Uliotoka Bila Bati

— Bati liko wapi?

— Analo mwenyewe, shemeji. Limo mfukoni, na suruali wameikata hospitali.

Sitara aliinua kichwa. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwita shemeji, na Sadalla alilitamka neno hilo kana kwamba ndoa imefungwa zamani. Alisimama langoni akihema, akaeleza kwamba kaka yake Zahoro ameangukiwa na magunia ya nazi sokoni, mguu umevunjika, na analitaka gari lake likamchukue mama yao aende kumwona.

Hapo Sitara akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka sita ya kulinda ua ule wa Mtaa wa Narung'ombe. Alinyoosha mkono ukutani, akatoa ufunguo wa gari la kijani, akampa.

Ua ulikuwa wa baba yake, Mzee Fikirini, ambaye kufikia mwaka ule wa 1956 macho yake yalibakiza mwanga na kivuli tu. Wachuuzi wa Kariakoo waliyaacha magari yao pale asubuhi, na funguo waliziacha pia, kwa sababu magari yalipangwa pua kwa mkia na la ndani halitoki mpaka la nje lisogezwe. Aliyeyasogeza ni Sitara. Alijua kuendesha, lakini mwisho wake hatua arobaini, kutoka ukutani hadi langoni.

Kwa kila ufunguo alichukua kipande cha bati la debe, akakikata kwa mkasi, mstari ukipinda jinsi mkono ulivyopenda. Nusu moja ilining'inia msumarini pamoja na ufunguo, nusu ya pili aliondoka nayo mwenye gari. Hakuna mikato miwili inayolingana. Jioni nusu zikikutana, ufunguo unatoka. Zisipokutana, hata uwe nani, utakwenda kwa miguu. Mwalimu wa chuo aliyemfundisha Sitara Kurani tangu alifu alirudishwa Ilala kwa miguu siku aliyopoteza bati lake. Alinuna njia nzima, na wiki nzima iliyofuata alikuwa akiusifu ule ua msikitini.

Kwa hiyo Sadalla alipokwisha kutoka na gari, Sitara alibaki akiitazama ile nusu ya bati iliyoachwa msumarini peke yake. Akaenda kumwambia baba yake alichofanya. Mzee aliomba maji ya kunywa.

Alasiri, Zahoro alitokea upande wa soko, anakula chungwa, anakanyaga kwa miguu yake yote miwili.

Sitara aliitazama ile miguu. Kwanza alishukuru Mungu. Kisha maana ya jambo lile ikamfikia, akashika nguzo ya lango.

— Shikamoo, Mzee, Zahoro aliita kuelekea ndani, kisha akamnyooshea Sitara nusu yake ya bati. Leo nazi zimekwisha mapema. Mbona unanitazama kama maiti iliyofufuka?

— Gari lako halipo, akasema Sitara.

Akamweleza. Alitaja aliyekuja, saa aliyokuja, maneno aliyosema, na kwamba ufunguo ulitoka kwa mkono wake yeye bila bati. Hakuongeza, hakupunguza, na hakutafuta mtu wa kumsaidia kubeba kosa.

Zahoro aliliweka chungwa juu ya ukuta. Gari lile lilikuwa miaka minane ya utingo katika malori ya watu, kupanda na kushuka Kisarawe juu ya magunia, mvua yake na jua lake. Na lile bati mkononi mwake lilikuwa na uzito wa namna nyingine: akilionyesha sokoni na kusema ufunguo wake umetoka bila nusu hii, kesho asubuhi ua wa Mzee Fikirini utakuwa uwanja wa kuku.

— Mwalimu wako ulimrudisha kwa miguu, akasema.

— Nilimrudisha.

— Mimi mwenyewe mwaka jana uliningojesha kwenye mvua, bati limedondokea ndani ya gunia. Ulikuwa unanijua vizuri.

— Nilikuwa nakujua.

— Basi Sadalla alijuaje kwamba safari hii utalegea?

— Anajua kwamba ninakupenda.

Alilisema kwa sauti ileile aliyotajia saa ya gari kuondoka.

— Anajua yeye, anajua muuza kahawa, anajua baba. Aliyekuwa hajaambiwa ni wewe. Aliposema umevunjika, sikuliona bati wala msumari. Siombi unisamehe kwa sababu hiyo. Umeniuliza sababu, nimekupa. Bati ni lako, kalionyeshe utakako. Sitakana.

Zahoro alijaribu kukasirika, ikaonekana usoni kwamba anajaribu.

— Miezi kumi na moja, alisema mwisho, nakuuliza kama naweza kuleta wazee wangu. Kila siku unaniambia uko kazini.

— Nilikuwa kazini.

Mzee Fikirini alikohoa kule ndani kwenye kibao chake.

— Zahoro mwanangu, amekupa ukweli, na huo ni wako. Lakini ukweli haubebi nazi wala haupandi mlima wa Pugu. Gari liko wapi?

Hakuna aliyejua. Sitara akarudi nyuma katika kumbukumbu, hatua moja moja, kama anavyolirudisha gari ukutani. Shati la Sadalla lilikuwa limepigwa pasi. Viatu vilikuwa vimepakwa rangi. Na alipoupokea ufunguo, mkono wake ulinukia.

— Alinukia udi, akasema. Mtu anayetoka kuuguza hanukii udi. Niliipata ile harufu, nikaipita.

Zahoro akafumba macho.

— Magomeni, akasema. Kuna binti anaitwa Siti. Mama yake alikwisha kumwambia Sadalla kwamba mwanawe hamtoi kwa mtu anayekuja kuposa na vumbi miguuni.

Mzee akaamua papo hapo: aliyetoa ufunguo ndiye aurudishe. Yeye angekaa langoni. Magari asingeyaona, lakini bati angelijua kwa kidole gumba. Sitara akavaa buibui. Zahoro akataka waazime baiskeli mbili zilizoegemezwa ukutani.

— Hizo ni za watu, akasema Sitara.

Wakaenda kwa miguu. Walishuka Jangwani, jua likiwachoma usoni, Zahoro akipunguza hatua ili asimwache, Sitara akiongeza zake ili asingojewe, hadi wakajikuta wanakwenda sawa. Njiani Zahoro alimuuliza tangu lini. Sitara akafikiri, kwa kuwa swali lilitaka jibu la kweli, akamwambia tangu siku ya mvua, aliposimama pale langoni nusu saa analowa na hakumwomba hata mara moja avunje sheria.

— Nilidhani siku ile ulinichukia.

— Kesho yake nilikukatia bati jipya mara tatu. Mawili ya kwanza niliona hayakupendeza.

Gari la kijani lilikuwa mbele ya nyumba ya Siti, limeoshwa hadi magurudumu. Barazani Sadalla alikaa na kikombe cha kahawa, na mbele yake Bi Tatu, mama yake Siti, mwanamke mpana mwenye macho ya kupimia nguo. Sadalla alipowaona alisimama, kahawa ikamwagikia kwenye viatu vilivyopakwa rangi.

Bi Tatu aliitikia salamu, akawakaribisha, kisha akauliza bila kuzunguka.

— Huyu kijana ameniambia gari hili ni lake. Nyinyi mnasemaje?

Zahoro alimtazama mdogo wake. Alikuwa na maneno mengi, yote ya haki, na Siti alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango, miguu yake inaonekana chini.

— Gari ni langu, akasema. Na ndugu ni wangu vilevile.

Sitara akanyoosha kiganja.

— Nilikupa ufunguo bila bati, Sadalla. Kosa hilo ni langu, nalibeba. Kumlaza kaka yako hospitali ukijua moyo wangu ulipo, hilo ni lako. Nipe.

Sadalla akautoa. Alisema alitaka saa mbili tu, angelirudisha kabla nazi hazijakwisha. Kisha akaona hata yeye mwenyewe hayaamini maneno yake, akasema:

— Nisamehe, dada.

— Asubuhi ulisema shemeji, akamjibu Sitara.

Miguu chini ya pazia ilicheka. Bi Tatu hakucheka. Alimwambia Sadalla arudi mwakani, kwa miguu yake, na vumbi lake mwenyewe. Vumbi la kweli yeye Bi Tatu atalifagia. Sadalla mwenyewe alisimulia baadaye kwamba lilikuwa jibu jema kuliko alilostahili.

Waliporudi Narung'ombe, Sitara aliutundika ufunguo msumarini. Zahoro akatoa nusu yake ya bati. Mzee Fikirini akaziunganisha mbili, akapitisha kidole gumba juu ya mkato, polepole, mwanzo hadi mwisho.

— Zimekutana. Chukua gari lako.

— Leo nitaliacha hapahapa, Mzee. Naomba na bati nibaki nalo. Ijumaa wazee wangu watakuja.

Mzee akaelekeza uso upande aliko binti yake.

— Sitara, uko kazini?

— Nimefunga lango, baba.

Harusi ilikuwa mwezi wa mfungo nne, Jumamosi baada ya adhuhuri. Nikahi ilifungwa, biriani ikaliwa, vigelegele vikajaa mtaa mzima, na gari la kijani lilikuwa pale uani limefungwa maua, likingoja kumchukua bibi harusi kumpeleka kwake Mchikichini. Zahoro, kanzu nyeupe na joho begani, akafika langoni kuchukua ufunguo. Bibi harusi alikuwa ndani, hina mkononi, lakini msumari aliuona kupitia mlango uliokuwa wazi. Akamtuma shangazi yake aulize jambo moja.

Zahoro akajipapasa. Akajipapasa tena. Bati lilikuwa nyumbani, kwenye kanzu ya jana.

Wazee waliomba. Mwalimu wa chuo, yeye, alikataa kuomba. Alisema kwa hilo anamjua binti. Jibu lilitoka ndani, la upole, nalo halikubadilika.

Basi bwana harusi akapandisha kanzu yake, akaenda Mchikichini kwa miguu na kurudi, wageni wote wakingoja. Aliporudi, vumbi lilikuwa limemfika magotini, na alikuwa anacheka peke yake barabarani. Sitara aliipokea nusu yake kwa mkono wenye hina, akaikutanisha na ile ya msumarini, akautoa ufunguo, akampa.