Namba Kwenye Suruali ya Mwanya

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilifagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani, nikachemsha chai, kisha nikamwashia Mama taa ya mezani. Mama ni fundi cherehani. Tulihamia nchi hii nikiwa bado nabebwa mgongoni, na chumba chetu cha mbele ndicho duka letu. Kituo cha polisi kiko mtaa wa pili, kwa hiyo nguo nyingi tunazoletewa ni sare za askari.

Asubuhi moja mlango uligongwa kwa buti. Mama alifungua bila kuuliza, maana kule tulikotoka polisi akigonga unafungua, basi. Akaingia askari mwenye mwanya, nami tangu siku ile namwita Mwanya. Kifuani hakuwa na jina wala namba, alikuwa amevibandua. Alipekua kabati, akakanyaga gauni la bibi harusi kwa buti zenye matope, akadai vibali. Mama alimpa kibali chake, halali kabisa, naye hata hakukitupia jicho. Akamkokota mbele ya majirani, akamweka mahabusu hadi kesho yake jioni, kisha akamwachia bila kumtajia kosa.

"Na nitarudi," alimwambia.

Nilimchukia mtu yule kuliko mtu yeyote. Tulikwenda kituoni kumshtaki, lakini askari wa mapokezi alituuliza jina au namba yake. Tuliposema ana mwanya, alicheka, akasema wenye mianya ni wengi. Tulirudi mikono mitupu. Jioni ile Mama alianza kufunga mizigo. Alisema ni afadhali tuhame mtaa, tuache duka, wateja na shule yangu, kabla Mwanya hajarudi.

Akarudi kweli, tena bila haya. Alivaa shati la nyumbani, akatupa suruali ya sare mezani, akataka ifupishwe kabla ya gwaride. Mama alimpima bila kumtazama usoni. Mimi sikumwamkia. Shikamoo yangu siigawi ovyo.

Mama alipokwenda kununua uzi, nilichomeka pasi nikaipandisha moto hadi mwisho. Nilitaka Mwanya aende kwenye gwaride na alama ya pasi makalioni, wakubwa wake wote waione. Nikaigeuza suruali ndani nje nikitafuta mahali pazuri pa kuanzia. Ndipo nilipoona, ndani ya mkanda wa kiuno, namba iliyoandikwa kwa wino mweusi. Askari huandikiwa namba zao pale ili sare zisichanganyike zikifuliwa.

Mama aliingia, akasikia harufu ya pasi, akachomoa waya. Nilimwambia wazi nilichokuwa nataka kufanya.

"Unadhani mimi sitaki?" alisema. "Tangu aondoke naukodolea macho mkasi. Lakini ukiichoma, safari ijayo atakuja na sababu. Leo hana."

Nikamwonyesha namba. Mama alikaa chini. Kisha akatabasamu, na kusema kweli halikuwa tabasamu la upole. Suruali ile aliishona vizuri kuliko zote nilizowahi kuona.

Siku iliyofuata tulikwenda kwa wakili wa ofisi ya msaada wa sheria, mama mmoja mwenye sauti nzito. Alitueleza kwamba sheria ya nchi hii inamlinda hata mgeni. Polisi akigonga, unaweza kumuuliza jina na namba yake mlango ukiwa umefungwa, na kumwomba apitishe hati ya mahakama chini ya mlango uisome. Unaweza kukaa kimya mpaka wakili wako afike, na usitie sahihi kitu usichokielewa. Ila usikimbie, usidanganye, wala usipigane.

"Kwa nini hakuna aliyetuambia?" niliuliza kwa hasira.

"Kwa sababu watu kama Mwanya wanapenda msijue," alijibu.

Malalamiko yetu yalipelekwa kwa mkuu wa polisi, safari hii yakiwa na namba. Mwanya alipoitwa aliruka futi mia, akasema nyumba yetu haijui. Majirani tuliokwenda nao kama mashahidi wakasimama, mmoja baada ya mwingine, wakamnyooshea kidole. Nilimkazia macho hadi akainamisha kichwa, na nakiri nilifurahi sana. Mama alifungua mizigo siku hiyohiyo.

Wiki chache baadaye askari kijana alileta shati la sare. Alisema wakubwa wameamua mwenye shati hilo ashushwe cheo, kwa hiyo tepe moja ya begani itolewe. Nilimuuliza shati ni la nani. Alitazama pembeni, akasema ni la yule mwenye mwanya.

Mama alinipa wembe. Nilitaka kulichana shati lote, naye akaliona hilo usoni mwangu.

"Mwanangu, ukiichana nguo yake, utakuwa umempa haki ya kutushtaki," alisema. "Ijue sheria, idai haki yako bila woga, na mikono yako ibaki safi. Mtu wa namna hii hakuna kitu kinachomuuma zaidi. Haya, toa hiyo tepe moja tu, na kitambaa usikiguse."

Nilifumua uzi mmoja mmoja. Sikuwa na haraka hata kidogo.