Bonde Lisilo na Kaburi

Jirani yetu Solofo, mpiga picha wa mji wetu wa Antsirabe, Madagaska, aliwahi kuwachekesha wafiwa mpaka wakataka kudondosha jeneza. Lakini tangu mkewe Lalao afariki, miaka mitatu sasa, vichekesho vyake aliisimulia sufuria ya wali, nayo haicheki.

Jumapili hiyo ya Julai mtaa ulikuwa mtupu. Ulikuwa msimu wa kufungua makaburi, kuwatoa wafu, kuwapakata na kuwavika sanda mpya, na ukoo wa Lalao ulikuwa kijijini na ngoma na matarumbeta. Solofo alisema ana kazi. Ukweli ni kwamba hakuwa na ubavu wa kumpakata mkewe akiwa mwepesi namna ile.

Akakaa mbele ya kompyuta na kikombe cha maji yaliyochemshiwa ukoko wa wali, akipekua picha zake za zamani. Kiwanda kimoja cha biskuti kilitaka mandhari ya kalenda. Akapata picha ya bonde la kwao Lalao: mashamba ya mpunga, ukungu, kilima chekundu. Aliipiga enzi zile Lalao akimbebea stendi ya kamera huku akimtukana njia nzima. Akaung'arisha mpunga. Akapunguza ukungu. Pale kilimani palikuwa na kaburi la ukoo, nyumba ya mawe yenye mlango mdogo. Nani atakula biskuti akitazamana na wafu? Akalifuta. Akapaka nyasi juu yake, akajisifu.

Chumba kikapoa.

Simu ikalia. Alikuwa Bakoly, dada wa marehemu, akiongea chini chini. Nyuma yake matarumbeta yalikuwa yamenyamaza.

"Shemeji, ulikuja kumchukua Lalao?"

"Nimchukue nimpeleke wapi, dansini?"

"Tumefungua. Wote wapo. Mahali pake patupu."

Solofo akatazama picha. Nyasi. Nyasi tupu.

Nyuma yake kiti kikakwaruza sakafu.

"Nasikia baridi," sauti ikasema.

Hakugeuka. Akavua koti, akalipitisha juu ya bega. Likapokelewa.

Kompyuta hukumbuka kila hatua. Kulirudisha kaburi ilikuwa kazi ya kidole kimoja. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Hakikubonyeza. Miaka mitatu hakuna mtu aliyevuta kiti kile.

"Kaa kidogo," akanong'ona.

"Wananingoja wanivike, Solofo."

Akabonyeza. Jiwe likarudi. Jingine. Ukuta. Mlango.

Bakoly akapiga tena, akipumua kwa shida. "Yupo. Amelala mahali pake. Lakini shemeji, kavaa koti lako. Na mfukoni mna funguo."

Solofo akageuka. Juu ya kiti palikuwa na udongo mwekundu, bado mbichi.

Funguo zilikuwa za nyumba yake.

Kesho yake fundi wa vitasa akapita akinadi kazi. Tulimwona Solofo akisimama naye mlangoni, akamchekesha, kisha akamwacha aende zake bila kubadilisha kitasa. Jioni akapika wali wa watu wawili.