Kidole cha Kuazima

Harufu ndiyo iliyotangulia kuingia benki, mteja akafuata nyuma. Marashi mazito, na chini ya marashi, nywele zilizoungua.

Karani wa kufungua akaunti walimwita Chapchap, na jina hilo lilimvimbisha kichwa, maskini ya Mungu. Wenzake wakimaliza mteja mmoja, yeye ameshamaliza watatu. Siri yenyewe ya kipuuzi tu. Sheria inataka kila mteja aonekane kwa macho na aweke kidole chake mwenyewe kwenye mashine, ili wezi na watakatishaji wa fedha wasijifiche nyuma ya watu wasiokuwepo. Sasa, vidole vya wazee na mafundi husuguliwa na kazi hadi mashine ikavikataa. Basi Chapchap huchomeka kidole chake yeye, taa ya kijani inawaka, mteja anashukuru, foleni inasogea.

Mama aliyeketi mbele yake mchana huo alikuwa amejitanda mpaka machoni. Feni ya dari ikaanza kukwaruza. Akaweka kidole, mashine ikakataa. Akaweka kingine, ikakataa tena. Chapchap akainama kutazama: ncha za vidole vile zilikuwa laini tupu, hazina mstari hata mmoja.

"Mama, kazi gani hiyo imekumaliza vidole?" akamtania.

"Sikuzaliwa navyo, mwanangu," mama alinong'ona. "Kila ninapokwenda wananikataa. Nisaidie."

Mwenye akili zake angemwita meneja. Huyu wetu akatupia jicho foleni, akachomeka kidole. Taa ikawaka.

"Asante," mama akasema, na sasa sauti yake ilikuwa nene, ya kiume. "Na mimi sasa ni mtu."

Alasiri kidole kikafa ganzi, kisha mkono mzima. Chapchap alipokwenda kunawa uso alikuta ncha zote kumi zimekuwa laini. Akatoka mbio, na mlango wa wafanyakazi, unaofunguka kwa kidole, ukamgomea.

"Ndugu, wateja wanapita kule," alisema askari wa mlangoni, ambaye kila siku walitaniana.

"Acha mzaha. Mimi Chapchap."

Askari akarudi nyuma hatua. "Chapchap ametoka sasa hivi. Ameniaga."

Hapo hofu ikamshika kwelikweli, akatoka kwa mlango wa wateja akikimbia, akapapasa kitambulisho chake mfukoni na kukuta kwenye picha kumebaki ukuta mweupe mtupu, na kila kona aliyokata harufu ile ya nywele zilizoungua ilikuwa imeshapita mbele yake, ikielekea kulekule anakoelekea yeye, kwa mkewe na binti yao mdogo, mpaka akaufikia mlango wa nyumba yake na kuugonga kwa ngumi mbili.

"Nani?" mkewe aliuliza.

"Mimi. Fungua, mke wangu."

"Mimi nani?"

Akamweleza kovu la binti yao lilipo na lilivyopatikana. Akamweleza maneno waliyoambiana wodini, mtoto alipokaribia kufa, ambayo hawakumwambia mtu mwingine. Mkewe akaanza kulia, na komeo likasogea.

"Usifungue." Sauti ilitoka sebuleni, nayo ilikuwa ya Chapchap mwenyewe, na uchovu wake wote wa kutoka kazini. "Si nimekwambia kuna kitu kimenifuata kutoka benki? Kinajua mambo yetu yote. Ndivyo kinavyoingia majumbani mwa watu."

Komeo likarudi.

"Muulize mtoto," Chapchap alisihi. "Mtoto ananijua."

"Baba yuko hapa," kitoto kikajibu kwa woga. "Amenipakata."

Mganga aliyeitwa na mkewe hakuwa tapeli, na hilo ndilo linaloniudhi. Alikuwa hodari, mtu wa haki, asiyehukumu bila kukagua. Alimwambia Chapchap anyooshe mikono, akaitazama ncha moja moja, akatikisa kichwa.

"Binadamu hana vidole hivi," alisema taratibu, akaanza kusoma dua za kufukuza. Kila neno lilimkata Chapchap pumzi, likamsukuma kutoka barazani, kutoka uani, akiliita jina la mwanawe mpaka sauti ikaisha na uani pakabaki patupu.

Mkewe akamshukuru mganga kwa machozi, akafunga mlango.

"Baba, mbona kile kitu kilikuwa kinalia?" mtoto aliuliza.

"Hulia hivyo, mwanangu, ili watu wafungue," baba yake akamjibu, akambeba kwenda kumlaza.