Ulimi wa Mama Germaine

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Providence alifagia uwanja, akachota maji, kisha akatia uzi kwenye sindano za mama yake mkubwa, Germaine. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Wazazi wake walifanya kazi Koni, kwenye kituo cha umeme, naye aliishi Kikula, mjini Likasi, ili asome. Mama Germaine alikuwa fundi wa kushona sare za shule, na kazi yake haikuwa na kasoro.

Lakini tangu mvua za mwaka ule, midomo yake ilikuwa ikicheza yenyewe. Alitafuna ilhali hana kitu kinywani. Ulimi ulichungulia nje, ukarudi, ukachungulia tena. Vidole vya mkono wa kushoto navyo havikutulia.

Siku moja darasani, Samy alitoa ulimi na kutafuna hewa. Watoto wakacheka. Providence akapanda juu ya benchi.

"Cheka tena, Samy! Hiyo sare uliyovaa ameishona yeye. Shona yako kwanza, ndipo umcheke!"

Samy akaurudisha ulimi kinywani.

Alasiri, aliporudi nyumbani, alimkuta jirani yao, Mama Mathilde, ameketi karibu na cherehani, Biblia mapajani.

"Dada Germaine, hilo ni pepo," alikuwa akisema. "Tupa hivyo vidonge. Funga siku saba, omba, utapona."

Mama Germaine alishika kopo la vidonge. Alikuwa amevimeza kwa miaka kumi na minne, tangu alipougua akili, akasikia sauti zisizokuwepo, akakutwa peku kando ya mashimo ya wachimbaji huko Kamatanda. Vidonge hivyo ndivyo vilivyomtuliza akaweza kushona tena.

"Nimechoka kuchekwa," alisema. Akainuka kwenda kuvitupa chooni.

Providence akasimama mlangoni, mikono ameitandaza.

"Mama mkubwa, hupiti hapa."

"Mtoto huyu!" Mama Mathilde akafoka. "Hivyo ndivyo unavyosema na wakubwa?"

"Nisamehe, mama. Nichape ukitaka. Lakini vidonge hivi havitupwi kabla daktari hajauona huo ulimi." Akamgeukia mama mkubwa. "Uliwahi kumwonyesha?"

Mama Germaine aliinamisha kichwa. "Hapana. Nikifika pale naubana kwa meno. Naona haya. Nesi ananiuliza kama nalala vizuri, nasema ndiyo, ananipa vidonge, narudi."

"Basi kesho hatuubani."

Kesho yake kwenye kituo cha afya, nesi Étienne aliuliza swali lake lile lile, huku mkono ukielekea kwenye vidonge.

"Baba nesi," Providence alisema kwa sauti, "mtazame mdomoni kwanza."

Nesi alitazama. Akauacha mkono wake hewani, kisha akaenda kumwita Daktari Hélène. Daktari alimwambia Mama Germaine afungue kinywa, agonganishe kidole gumba na kila kidole, atembee hadi ukutani na kurudi.

"Hili si pepo wala uchawi," alisema. "Dawa za namna hii zikitumiwa miaka mingi, zinaweza kuvuruga sehemu ya ubongo inayoongoza misuli. Mwili unacheza bila wewe kutaka. Si wagonjwa wote wanaopatwa. Lakini tulipaswa kukuchunguza mara kwa mara, na hatukufanya hivyo. Tusamehe, mama."

"Basi niziache?"

"Usithubutu! Ukiziacha ghafla, sauti zinaweza kurudi, na huku kuchezacheza kunaweza kuzidi. Tutakubadilishia dawa polepole, na utakuja hapa kila mwezi. Siwezi kukuahidi kwamba kutakwisha kabisa."

"Usiniahidi," Mama Germaine akajibu. "Niambie ukweli tu, hata ukiwa mchungu."

Mama Mathilde alipokuja tena na habari za kufunga, alijibiwa waziwazi: "Mungu nitamwomba, na dawa nitameza. Vyote viwili."

Miezi sita ikapita. Vidole vilitulia. Ulimi ulichungulia bado, hasa akichoka, lakini si kama zamani. Siku moja, wakingoja zamu yao kwenye kituo cha afya, waliketi karibu na mama mmoja na mwanawe kijana. Kijana alikuwa akitafuna bila chakula, na mama yake alijaribu kumziba mdomo kwa kiganja.

Mama Germaine akasimama mbele ya watu wote.

"Toa mkono, mama. Mwache daktari aone. Mimi pia nilificha, nusura nitupe dawa zangu chooni. Mtoto huyu akanizuia mlangoni." Akamshika Providence begani. "Ukimeza dawa, kisha mwili wako ukafanya jambo usilolitaka, usiache dawa kimya kimya, wala usinyamaze kwa aibu. Sema! Na anayecheka, mwache acheke. Weye ingia ndani ukatibiwe."

Yule mama akauondoa mkono wake polepole. Nesi alipoita, alimshika mwanawe mkono, wakaingia pamoja.