Kanga za Fumanjozi

Mashine ya Fumanjozi haikuhitaji kalamu wala rangi. Mwanafunzi alijifunga utepe wa vihisishi kwenye paji la uso, akafumba macho, akawaza. Palepale nyuzi zikaanza kukimbizana mezani, pindo likajitokeza, kisha mji wa kanga ukajaa katikati. Hata kupiga chafya hujamaliza, kanga hiyo imekwisha.

Miaka hiyo sekondari zote za Morogoro zilifundisha Ubunifu wa Nguo kwa mashine hiyo. Sikudhani, wa kidato cha nne, aliwapita wote darasani, na wala hakujisumbua kuficha kwamba anajua. Kila jioni alibaki karakanani akifanya mazoezi, kwa kuwa Mwalimu Mkude aliwahimiza, "Jizoezeni mpaka mashine iwazoee." Masikini mwalimu, hakujua alisemalo.

Siku ya mtihani wa vitendo Sikudhani alikaa kitini roho kwatu. Sharti lilikuwa moja: nakshi iwe mpya. Iliyokwisha kusajiliwa hupata sifuri, na mwenye sifuri haingii chuo cha ubunifu, chuo alichokiota tangu darasa la tano. Akawaza maua ya mkonge yaliyozungukwa na pindo la nyayo za kuku.

"Nakshi hii imeshasajiliwa," mashine ikasema kwa upole. "Waza nyingine."

Akawaza masuke ya mpunga. Imeshasajiliwa. Akawaza matone ya mvua juu ya bati. Imeshasajiliwa. Jasho likaanza kumtoka.

"Mwalimu, hizi ni zangu! Sijamwibia mtu."

Mwalimu Mkude aliinamia kioo cha mashine, akasoma, akasoma tena.

"Ni zako kweli, mwanangu. Ndiyo shida yenyewe. Imekusoma kwenye mazoezi hadi ikajua unavyowaza, sasa inakutangulia. Imetoa hata zile ambazo hujaziwaza bado, ikazisajili kwa jina la kiwanda cha kanga kinachoimiliki."

"Sasa nifanyeje?"

"Jaribu kuwaza kama mtu mwingine."

"Mtu gani, mwalimu?"

Mwalimu hakuruhusiwa kuizima mashine, na alama zilitolewa na mashine hiyohiyo. Aliishia kumshika bega.

Wenzake waliokuwa wakitoroka mazoezi kwenda kucheza rede walitoka na nakshi mbovumbovu, lakini mpya. Sikudhani aliwaonea wivu, kisha akaona aibu kwa wivu wake. Muda ulipokwisha meza yake ilikuwa tupu.

Nyumbani mama yake alimpokea mlangoni na kifurushi, uso umemchangamka.

"Najua umefaulu, mwanangu. Nimekununulia doti ya kanga za kujifunga siku ya matokeo. Zimeingia dukani leo hii."

Sikudhani alizikunjua. Nakshi ile hakuwahi kuichora wala kuiwaza, lakini aliijua mara moja, kama mtu anavyoijua sauti yake mwenyewe. Ilikuwa imetulia, haina mbwembwe zake za kitoto. Hivi ndivyo angekuja kubuni siku moja, akishakuwa mtu mzima.

"Nilipoiona tu nikasema, hii kama umeichora wewe," mama akasema. "Umeipenda?"

"Nimeipenda mno, mama," akajibu. Ilikuwa kweli, na machozi yakamtoka kwa sababu ilikuwa kweli.