Kibo Kushoto, Baba Kulia

Kila jioni akitoka shule, Elisifa hukata majani ya ng'ombe, humkorogea uji mdogo wake Primus, kisha humsubiri mama yao arudi kutoka Himo kuuza ndizi. Jumatano ile ng'ombe alilia njaa zizini. Elisifa alikuwa mezani na mkasi na gundi.

Mwalimu Sirili alikuwa amewafundisha kutengeneza picha ya mikunjo. Unakata picha mbili vipande vyembamba, unavibandika kwa kupokezana kwenye karatasi iliyokunjwa kama sketi ya shule. Ukisimama kushoto unaona picha moja, ukihamia kulia unaona nyingine. Elisifa alitaka kilele cha Kibo na baba. Kilele alikipata kwenye kalenda kuukuu. Baba, mpagazi wa mlimani aliyefariki mwaka jana, alikuwa amebakiza picha moja tu, ile ya kwenye fremu. Nyingine zilipotea na simu yake kabla hazijasafishwa.

"Mama atafurahi," Elisifa alijidanganya, akaikata.

Masikini! Gundi ilizidi, wino ukachuruzika, na jicho moja la baba likafutika kabisa. Akaificha picha chini ya godoro.

Mama aliporudi aliona fremu tupu. "Nani kafanya hivi?"

"Primus," Elisifa alijibu upesi.

Primus wa watu alichapwa, akalala bila kula. Mama naye hakugusa chakula.

"Nitausahau uso wake," alisema akitazama ukuta. "Mungu wangu, nitausahau!"

Elisifa alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kulipokucha alikwenda mpakani mwa kihamba, shamba la nyumbani kwao, nyuma ya migomba, akachuma jani la isale. Uchagani, anayekuletea jani hilo kuomba radhi humkatalii. Akapiga magoti, akalitoa kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Nikusamehe nini?"

Elisifa alilisogeza jani karibu zaidi. Alidhani jani lingetosha.

"Jani halisemi, mwanangu. Sema wewe."

Akasema yote kwa kwikwi, akaileta picha. Mama akasogea kushoto, akaona mlima. Akasogea kulia, akamwona mumewe, jicho moja, uso umekatikakatika. Alilia kwa sauti, na Elisifa hakuthubutu kumgusa.

"Nimelipokea jani lako," mama alisema hatimaye. "Lakini hata nikikusamehe mara mia, picha ile hairudi. Kuikata kulikuwa utoto. Kumsingizia mdogo wako uliamua mwenyewe, na mimi nikamchapa bure. Ukikosa, sema papo hapo, kabla mwingine hajaumia kwa sababu yako. Haya, kachume jani jingine, na mimi nitakuja kumwomba radhi."

Primus alikuwa amegeukia ukutani. Elisifa akapiga magoti kando ya kitanda.

"Ni mimi niliyekata. Nilikusingizia. Nisamehe."

Primus akageuka, akalichukua jani. Mama naye akaja, akamwomba radhi kwa kumchapa bure.

Mama aliitundika ile picha mahali pa fremu, kisha akahamishia kiti chake upande wa kulia.