Fundi Chini ya Dawati

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Musimbi alifagia vumbi la mbao katika karakana ya baba yake, akaokota misumari iliyopinda na kuinyoosha kwa nyundo. Mzee Mukhwana alikuwa seremala aliyejulikana Kakamega nzima. Lakini nyumba yake mwenyewe ilikuwa ya nyasi. Majirani walikuwa wamekwisha kuezeka mabati, na walipomcheka aliwajibu kwamba nyasi zinamtosha. Musimbi aliona haya. Kwa nini mtu mwenye kazi nyingi hivyo akatae mabati? Alipomuuliza mama, aliambiwa amwache baba yake, amechoka tangu Bama.

Huko Bama, nchi ya mbali Asia, ndiko Waingereza walikowapeleka vijana wetu wa Keya, jeshi lao la Afrika Mashariki, kupigana vita visivyokuwa vyao. Waliorudi walipewa koti na tiketi ya gari la moshi, na hakuna mkubwa yeyote aliyewauliza wanalalaje.

Jumamosi moja, mwaka ule wa uhuru, sinema ililetwa katika ukumbi wa mjini. Ilikuwa hadithi ya askari Mzungu aliyerudi kutoka vitani. Mlango ukijifunga kwa kishindo, yeye huyo chini ya meza, anaziba masikio kwa viwiko, midomo inacheza. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo Cleophas, kijana wa kipaza sauti, ndiye aliyetafsiri, naye Kiingereza cha askari kilimpiga chenga.

"Tazameni mlevi huyo," alisema. "Chang'aa imempanda kichwani."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Musimbi alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Kisha askari akaonekana amelala hospitalini, daktari ameketi kando ya kitanda anamsikiliza. Musimbi akaacha kucheka. Tangu lini mlevi akaketiwa na daktari? Na ile namna ya kuziba masikio kwa viwiko, aliwahi kuiona wapi? Alirudi nyumbani kichwa kinamzunguka, asijue la kushika wala la kuacha.

Jumatatu Mzee Mukhwana alileta madawati mapya darasani mwao. Ilikuwa saa nane mchana, wakati wa mvua ya kila siku, na siku hiyo ikageuka mvua ya mawe. Mabati ya shule yakalia kama bunduki mia moja. Mzee akaangusha nyundo, akajitupa chini ya dawati, akaziba masikio kwa viwiko, vile vile Musimbi alivyowahi kumwona siku mbao zilipoanguka karakanani. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Mlevi wa sinema," alisema Barasa, mmoja wa wanafunzi, na darasa likapasuka kwa kicheko. Kisha akamgeukia Musimbi. "Wewe, si huyo ni babako?"

Musimbi alijua kwamba baba yake hakuwahi kuonja pombe. Sasa huu ulikuwa ulevi gani?

"Huyo ni fundi wa madawati," alijibu.

Neno lilikuwa kweli, na lilikuwa uongo. Hakujua kama baba amelisikia.

Mwalimu Philemon, aliyekuwa ameiona sinema ile, alisikia kelele zao akaingia mbio. Alichuchumaa, akamwambia mzee taratibu kwamba ni mvua tu, yuko Kakamega. Kisha akasimama mbele ya darasa. Aliwaambia kwamba yeye pia alikuwa Bama, akibeba majeruhi kwa machela, na wenye hali kama ile aliwabeba wengi.

"Huyu si mlevi. Na yule wa sinema hakuwa mlevi. Huo ni ugonjwa wa vita," alisema kwa hasira. "Mzungu alipewa kitanda na daktari, mmeona wenyewe. Mukhwana alipewa koti. Ninyi mnampa nini? Kicheko?"

Barasa aliinamisha kichwa. Musimbi akasimama.

"Mwalimu, nimedanganya. Huyu ni baba yangu."

Akatambaa mpaka chini ya dawati, akakaa bega kwa bega na baba yake. Alimuuliza anahesabu nini.

"Nahesabu risasi zilizonikosa, mama," baba alimjibu. Ndivyo alivyozoea kumwita.

"Na nyumbani mbona huhesabu?"

"Nyumbani ni nyasi. Mvua ikinyesha, sisikii kitu."

Miaka yote ile Musimbi aliionea haya nyumba yao, kumbe paa lile ndilo lililokuwa dawa.

Mvua ilipokatika, Barasa aliokota nyundo, akamkabidhi mzee kwa mikono miwili. Mwalimu Philemon alisema kesho yake atakwenda na Mukhwana hospitali, na hawataondoka mpaka daktari awasikilize. Jumamosi sinema ikirudi, kipaza sauti atakishika mwenyewe.

"Na ninyi mshike hili," aliwaambia. "Kuna kidonda kisichotoka damu. Mwenye nacho ni mgonjwa kama mgonjwa mwingine, hachekwi wala hafichwi. Musimbi amekosea, kisha amesema kweli mbele yenu. Na ninyi, nani alicheka?"

Mikono ikainuka mmoja mmoja, mpaka darasa zima.